Sahani ya Kwanza ya Chaza wa Kidimbwini

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Mpendae na wa Miembeni, wafanyakazi wenzake marehemu, na kinamama mliotoka Kidimbwini tangu alfajiri, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi chini ya turubai hili, Assalaam aleikum. Mimi ni Elia Danieli Feruzi, mdogo wake marehemu, ni fundi wa mafriji wala si msemaji, na niliomba kazi hii apewe mtu mwingine, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyenichagua, na wote mliomjua mnajua kwamba dada akishakuchagulia kazi huna pa kukimbilia. Aliniagiza niseme mambo yote kwa tarehe na mahali, nisifichefiche, na hasa nisithubutu kutamka kwamba "aliugua kwa muda mrefu" kisha nikanyamaza, kwa sababu wapo watu hapa waliokuja kumzika na wapo waliokuja kusikia ni kitu gani kimemuua, na riziki ya kinamama wa Kidimbwini inangoja jibu hilo. Nitafika huko, nawaomba mnivumilie, yeye hakutaka nianzie mwisho.

Marehemu Rahila Danieli Feruzi alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu mzee Danieli Feruzi, fundi bomba, na marehemu mama yetu Bi Agnesi, aliyekuwa akishona nguo za watoto nyumbani. Tulikulia Miembeni, Ng'ambo, katika nyumba iliyokaa bondeni, ambamo kila masika maji yaliingia bila kupiga hodi, tukawa tunapandisha magodoro juu ya kabati, na baba, aliyeitwa kuziba mabomba ya nusu ya mji, akawa anasimama mlangoni kwake akiyatazama maji yale kwa hasira ya mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake.

Mwaka 1981, akiwa darasa la tatu, dada alichukua jembe ambalo mama alilimia mchicha, akachimba mfereji kutoka uwani kwetu, akauzungusha nyuma ya choo na kuutoa chini ya ukuta, na mvua kubwa ilipokuja uwa wetu ukabaki mkavu kwa mara ya kwanza, mama akampikia maandazi, baba akaanza kumwita fundi mwenzangu. Sifa zilikuwa bado hazijapoa tuliposikia kelele upande wa pili, kwa sababu maji yote yalikuwa yameingia jikoni kwa jirani yetu Bi Biasha, jiko la makaa limezimika na sufuria ya maharage inaelea. Bi Biasha yupo hapa leo, ndiye aliyesimamia masufuria huko nyuma, na atanisahihisha nikikosea. Alikuja mlangoni kwetu na kanga imelowa mpaka magotini, hakumpigia kelele, alimwambia tu, "Rahila mwanangu, kwenu umeyatoa, kwangu umeyatia, hukuuliza kama hapa pana mtu?" Dada hakuchapwa, lakini alilia kuliko aliyechapwa, akachukua ndoo akaenda kuyachota maji yale jikoni kwa Bi Biasha mpaka sakafu ikaonekana, akarudi na miguu imekunjamana kwa maji, na mimi nilikuwa mdogo lakini nilimwona akikaa kwenye ngazi akiutazama ule mfereji wake kwa chuki kabisa.

Masomo yake ya msingi aliyapata Skuli ya Kisiwandui kuanzia mwaka 1979, akaendelea Haile Selassie, kisha Lumumba, ambako alimaliza kidato cha sita mwaka 1992, na mwaka 1993 akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 1997. Katika safari zote zile za kwenda na kurudi Dar hakuna hata moja ambayo hakutapika, tena alianza boti ikiwa bado imefungwa gatini, na nilipokuwa nikimpeleka bandarini nilikuwa nikimuuliza huyu ndiye atakayewafundisha watu kuyatawala maji, akawa ananipiga na mkoba. Alikuwa mwanamke peke yake katika darasa lake la maji na mitaro, na alituambia kwamba wenzake walipenda madaraja kwa sababu daraja linaonekana, yeye akapenda mitaro kwa sababu mtaro mzuri hakuna anayeuzungumzia.

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa katika idara iliyoshughulikia mitaro ya mji, akaifanyia kazi kwa miaka kumi na moja, na wakazi wa bondeni wanaolala masika bila kupandisha magodoro wajue kwamba alikuwapo mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yao. Mwaka 2009 akachukuliwa na kampuni iliyokuwa ikiendesha kiwanja kidogo cha ndege cha Kidimbwini, kusini ya Unguja, kile kinachopokea ndege ndogo za watalii, na kazi yake kubwa ya kwanza ikawa ni kuyaondoa maji ya mvua juu ya njia ya kurukia ndege, ambayo ilikuwa imerefushwa na kutiwa lami, maana lami hainywi maji, na maji yakituama pale rubani hana breki. Alichora mfereji mmoja mpana, ulionyooka, wenye mteremko wa kupendeza, akaupitisha chini ya uzio mpaka kwenye mikoko iliyozunguka hori, yaani ule mkono wa bahari unaoingia mpaka karibu na kijiji, na masika ya 2011 mvua ilikuwa ikikatika na njia ya ndege inakauka, wakubwa wakamsifu, wakampiga picha amevaa kofia ya plastiki, na mama akaitundika picha ile ukutani juu ya redio. Hakuna aliyetaja kwamba maji yale yalipita kwanza pale ndege zinapoegeshwa na kujazwa mafuta, wala kwamba mwisho wa mfereji palikuwa na watu, na dada, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukumbuka, naye hakukumbuka.

Watu wenyewe ni hawa kinamama waliokaa pale mbele, ambao maji yakitoka huingia kwenye tope wakabandua chaza katika mizizi ya mikoko, wakawauza hotelini na sokoni Darajani, wakasomesha watoto. Kwa mliokulia mjini mkimjua chaza sahanini tu, nieleze alivyonieleza dada, kwamba chaza ni mnyama asiyechagua, hunywa maji yanayompitia na kubaki na kilichomo ndani yake, kwa hiyo ukitaka kujua jirani yako amemwaga nini, muulize chaza.

Mwezi wa Mei 2012 Bi Wanu Nahodha, kiongozi wa kinamama hao, alipita getini pale kiwanjani amebeba ndoo, akawaambia walinzi kwamba anampelekea mhandisi zawadi, akaingia ofisini, akaiweka ndoo juu ya meza, juu ya michoro, akaifunua, na chumba kizima kikanuka kama kibatari kilichomwagika. Maneno aliyosema Bi Wanu, dada aliyarudia mara nyingi nyumbani hata watoto wake wakayajua kwa moyo. "Nnakuletea chaza, mwanangu. Ndo wako hawa, umeshawakaanga kwa mafuta yako mwenyewe, mie sikuongeza kitu. Kula." Dada hakula, na Bi Wanu hakutukana wala hakuondoka, alivuta kiti cha wageni akakaa, akakunja mikono, akangoja.

Dada alinipigia simu jioni ile akilia, akaniambia, "Elia, nimeyatia tena jikoni kwa watu." Kesho yake alikwenda kijijini kwa miguu, akaomba radhi mbele ya kinamama wote, na hakuwaahidi fidia wala mkutano, aliwaahidi kwamba atayasafisha maji yale na siku yakisafika atakuja kula chaza wa hori ile mbele ya macho yao, na Bi Wanu, ambaye wakati ule hoteli zote zilikuwa zimekwisha kumkatalia mzigo wake, akamwambia basi siku utakayokula wewe ndiyo siku tutakayouza sisi. Maneno yale yamewafunga wote wawili mpaka leo, na ndiyo yaliyonisimamisha mimi hapa.

Mwaka 2013 alijenga kwanza chemba ya kukamata mafuta, ambamo maji yanatulia, mafuta yanaelea juu na kubaki, kisha mbele yake akachimba bwawa la kutulizia tope, ili maji yaingie kwenye mikoko polepole na yakiwa safi, na kwa upande wa hori kazi ile ilifaa tangu mvua ya kwanza. Kwa upande wa angani ikawa balaa, maana bwawa lilipojaa walikuja yangeyange, wale ndege weupe wa majini, wakaja kunguru wa mji mzima kana kwamba wamealikwa harusini, na siku moja ndege iliyokuwa ikitua ikagonga yangeyange, kioo kikapasuka, abiria wakasalimika kwa rehema za Mungu. Meneja wa kiwanja wakati ule, bwana Mansour, ambaye yupo hapa na amenipa ruhusa ya kulisema hili, aliamuru bwawa lifukiwe kwa udongo na mfereji urudi kama ulivyokuwa, na sisi wa familia tulimkasirikia sana, lakini dada alituzuia, akasema Mansour ana watu wake angani na Bi Wanu ana watu wake kwenye tope, na mwenye kosa ni yule atakayemwokoa mmoja kwa kumtupa mwingine.

Zile zilikuwa siku mbaya, shemeji yangu, mumewe, akimwekea chakula anakitazama, akaja kwetu Miembeni Jumapili moja, akasimama uwani, mahali ambapo baba, baada ya kisa cha Bi Biasha, alichimba shimo la karo akalijaza mawe, maji yakawa yanaingia katikati ya mawe na kupotelea ardhini, na juu yake kuku wa mama walikuwa wakipita hata hawajui kwamba chini pana maji. Aliwatazama wale kuku kwa muda, kisha akacheka peke yake, akambusu mama, akaondoka bila kunywa chai. Aliporudi kazini alimwambia bwana Mansour kwamba amri yake ataitekeleza, bwawa atalifukia, ila atalifukia kwa mawe, na mwaka 2014 malori yakamwaga mawe ya matumbawe mpaka bwawa likajaa, maji yakawa yanapita chini kwa chini, yangeyange walikuja wakaona mawe matupu, wakazunguka kidogo, wakaenda zao.

Kingo za mawe yale alizipanda ukindu ili zisimomonyoke, na kinamama wa Kidimbwini, walipouona ukindu mchanga umechipua vizuri karibu na nyumbani, wakaukata wote wakasuka mikeka, dada akaenda kulalamika akiwa amekasirika kweli, wakamkaribisha akae juu ya mkeka mpya, akakaa, na ugomvi ukaishia hapo hapo. Baadaye walikubaliana kwamba ukindu utakatwa mvua zikishakwisha tu, na mikeka mliyoikalia leo upande ule wa wanawake imetoka pale.

Mwezi wa Julai 2014 ilifika siku ya kutimiza ahadi. Dada alikuwa jasiri lakini hakuwa mwendawazimu, alipeleka kwanza maji na chaza kupimwa maabara, akangoja majibu, na yalipokuja mazuri ndipo alipokwenda ufukweni, ambako Bi Wanu alikuwa amepika chaza kwa nazi, ndimu na pilipili, wanunuzi wa hotelini wamesimama pembeni wamekunja nyuso, na dada akakaa chini, akala sahani nzima, akaomba nyingine, akauliza kama wali upo. Siku ile ile kinamama waliuza mpaka ndoo zikabaki tupu, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi, kila mwaka masika yakikatika, chemba inakaguliwa, maabara inajibu, dada anakula sahani ya kwanza, shemeji anakula ya pili, na hori inafunguliwa. Mwaka 2019 majibu yalikuja mabaya, kwa sababu chemba ilizibwa na chupa za plastiki na mafuta yakapita juu, na dada alikwenda ufukweni akakataa kula mbele ya watu wote, kinamama wakakosa biashara kwa wiki kadhaa, wapo waliomnunia, lakini Bi Wanu alisema kwamba siku ile ndipo alipoanza kumwamini, maana mtu anayekula kila siku humjui kama anakula kwa kweli au anakula kwa adabu.

Nikirudi nyuma kidogo, tarehe 12 Desemba 1998, siku ya Jumamosi, katika kanisa la Mkunazini, marehemu alifunga ndoa na Mwalimu Marko Borafya, mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye kwa miaka yote hii ameishi na buti zenye tope mlangoni na hajawahi kuzirusha nje. Siku ya ndoa mvua ya vuli ilinyesha, wasimamizi wakamtafuta bibi harusi wasimwone, wakamkuta nje kwenye baraza, ameshika gauni lake mkononi, anatazama maji ya bati yanaelekea wapi, na shemeji alisema pale pale kwamba amejua anaoa nini. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Agnesi, aliyezaliwa mwaka 2000 na sasa ni muuguzi, na Feruzi, aliyezaliwa mwaka 2004, anayesoma chuo. Alikuwa mama mkali wa masomo na dhaifu wa vitafunio, alikuwa akiwakataza watoto urojo wa njiani kisha wanamkuta yeye mwenyewe amesimama pale pale na bakuli, na mimi mdogo wake hakuacha kunituma dukani mpaka nikafika miaka arubaini na nane, nikawa naenda, maana kubishana naye kulichosha zaidi.

Sasa naja kwenye ugonjwa. Mwezi wa Oktoba 2024 dada alianza kupungua mwili na kupata maumivu ya ubavu wa kulia, akatibiwa Mnazi Mmoja, akapelekwa Dar es Salaam kwa vipimo zaidi, na huko ikagundulika kwamba ana saratani ya ini, iliyotokana na homa ya ini aina ya B. Katika mji wetu habari haichelewi, na wakati yeye bado yuko wodini tayari sokoni watu wanaulizana, si ndiye yule mhandisi aliyekuwa akila chaza wa uwanja wa ndege, miaka yote hiyo anakula mafuta, unategemea ini litasalimika vipi, na wanunuzi wakawaambia kinamama wa Kidimbwini kwamba mwaka huu kwanza tusubiri, na kusubiri huko sisi wafanyabiashara tunajua maana yake. Sikuyasikia haya kwa mtu, niliyasikia mwenyewe nikiwa kwenye friji la muuza samaki nimeinama natengeneza, na nilitaka kutoka na spana mkononi.

Madaktari walitueleza, na wametupa ruhusa ya kulieleza, kwamba ugonjwa ule hauletwi na mafuta ya ndege wala chaza, ni kirusi kinachokaa kwenye damu, na mara nyingi mtoto hukipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa bila mama mwenyewe kujua, kisha kinanyamaza miaka na miaka. Mama yetu alifariki tarehe 9 Agosti 2016, tukasema ni tumbo, na sasa tunadhani ni hilo hilo. Walitutaka familia nzima tupimwe, watoto wa dada wako salama kwa sababu Mungu ni mwema, shemeji yuko salama, na mimi ninacho. Ninacho kirusi kile kile, ninakunywa dawa, ninapimwa, daktari anasema nikifuata masharti nitaendelea kuwasumbua kwa miaka mingi. Nimelisema mbele yenu, kwa sababu mimi Elia, watu wote wa Miembeni ni mashahidi, tangu nimezaliwa sijawahi kutia chaza mdomoni, siwawezi, dada amenifukuza nao ufukweni mbele ya wageni nikakimbia mpaka barabarani. Aliyekula chaza na asiyekula chaza wameugua kitu kimoja, tumbo lililotuzaa ni moja. Nilipokuwa nikikataa kusoma historia hii sikuelewa kwa nini alining'ang'ania mimi na si Agnesi, ambaye ni muuguzi na anasema vizuri, na sasa nadhani nanyi mmeelewa.

Mwezi wa Juni mwaka huu majibu ya maabara yalifika, aliyaleta wodini Mhandisi Rukaiya, msichana ambaye dada alimfundisha na kumwachia kazi, ambaye kabla ya masika aliisafisha chemba yote huku dada akimwelekeza kwa simu kutoka kitandani na kumgombeza, na majibu yalikuwa safi kabisa, hata dada akayaweka kifuani. Bi Wanu naye alikuwapo siku hiyo, alikuja na uji kwenye chupa, wala hakutaja biashara, ni dada aliyeanza, akamwambia Bi Wanu uzeni, hori ni salama, na Bi Wanu akamjibu, "Tulisema ukila wewe. Hujala, hatuuzi. Pona kwanza." Dada wakati huo hata maji yalikuwa hayakai, na wote wawili walijua, wakashikana mikono, na mimi nilikuwa pembeni namenya chungwa, nikamsikia anasema kwa sauti yake ile ya kazini, "Atakula Elia." Nilidhani ni dawa zinasema. Akaniangalia, akasema, "Utakula mimi nikiwa bado nipo nyumbani, kabla hamjanitoa, mbele ya watu, na usikunje uso."

Siku ya Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, mumewe amemshika mkono na watoto wako karibu, dada yangu Rahila alituacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Nilikuwa nikimwita nini, nilikuwa nikimwita dada tu, na tangu juzi kila nikifungua mdomo kumwita mtu ndilo linalotoka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Dar es Salaam, waliomhudumia na kutueleza ukweli bila kuuzungusha, na nawaomba nanyi nyote mkapime, wala msione haya. Nawashukuru majirani wa hapa Mpendae, na Bi Biasha aliyetoka Miembeni na magoti yake yale, pamoja na ndugu zetu Waislamu ambao, kama ilivyo desturi yetu hapa Unguja, wamechinja na kupika wao ili kila aliyekuja kuzika awe na cha kula. Nawashukuru wafanyakazi wenzake, bwana Mansour kwa usafiri na kwa kukubali kutajwa, na Mhandisi Rukaiya, ambaye namwambia buti za dada ziko mlangoni, shemeji amesema zichukuliwe. Nawashukuru kinamama wa Kidimbwini, ambao hawajauza hata chaza mmoja mwaka huu na hawakumlaumu. Na wanunuzi wa hotelini na wa Darajani, nimewaona, mmekaa nyuma karibu na njia, msiondoke.

Nilimuuliza daktari wangu kama mtu mwenye hali yangu anaruhusiwa kula chaza aliyepikwa akaiva, nikiomba moyoni akatae, na ameruhusu. Jeneza bado liko ndani, hatujalitoa, kama alivyoagiza. Pumzika kwa amani, dada, hori yako ni safi, jikoni kwa Bi Biasha ni pakavu, njia ya ndege inapokea watu salama, na mdogo wako amekunywa maji kidogo, amenyoosha uso kadiri alivyoweza, na yuko tayari. Bi Wanu, nnakuomba hiyo sahani.